WASTANI HAUSHIBISHI
Jinsi wataalamu wanavyopima tofauti ya mapato katika nchi

Mara nyingi tunasikia redioni kwamba mapato ya nchi yamepanda. Tunasikia pia kwamba pato la kila mwananchi, kwa wastani, ni shilingi kadha wa kadha kwa mwaka. Baadhi yetu tukisikia hivyo tunacheka. Tunaulizana, "Sasa hizo shilingi zangu kachukua nani?"

Swali hilo si la mzaha. Ni swali zuri sana, na wataalamu wa uchumi nao wanajiuliza hivyo hivyo. Wastani peke yake hauwezi kulijibu. Kwa hiyo wataalamu wametafuta vipimo vingine vya kuonyesha mapato yamegawanyika namna gani kati ya watu wa nchi moja.

Leo tutajifunza vipimo hivyo. Hesabu zake si ngumu. Mtu aliyehitimu kisomo, anayejua kujumlisha na kugawanya, ataziweza. Haya, tuchukue kalamu na karatasi.

VIJIJI VIWILI

Tuanze na mfano. Vijiji hivi tumevitunga wenyewe ili hesabu iwe rahisi. Kimoja tukiite Mlimani na kingine Bondeni. Kila kijiji kina kaya 10. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Tuseme kila kaya ina idadi sawa ya watu, na mapato yao yote ni mahindi.

Tumezipanga kaya kuanzia ile iliyovuna kidogo mpaka ile iliyovuna zaidi.

Mlimani walivuna magunia haya:
7, 8, 9, 9, 10, 10, 11, 11, 12, 13.

Bondeni walivuna magunia haya:
1, 2, 2, 3, 3, 4, 5, 8, 12, 60.

Jumlisheni. Mlimani wana magunia 100. Bondeni nao wana magunia 100. Sasa gawanyeni kwa kaya 10. Mlimani wastani ni magunia 10 kwa kaya. Bondeni wastani ni magunia 10 kwa kaya.

Mgeni akija akauliza wastani tu, ataandika kwamba vijiji hivi viwili viko sawa. Lakini sisi tunaona wenyewe kwamba haviko sawa hata kidogo. Mlimani kaya nyingi ziko karibu na magunia 10. Bondeni kaya nane kati ya kumi hazikufika magunia 10. Tena hakuna hata kaya moja ya Bondeni iliyovuna magunia 10 hasa. Wastani wao ni namba ya kwenye karatasi. Hakuna anayeila.

MCHANGO WA GUNIA MOJA

Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo ya wasomi, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Tuone.

Tuseme serikali ya kijiji imeamua kujenga nyumba ya mwalimu. Yanahitajika magunia 10 ya mahindi yauzwe ili zipatikane fedha za bati na saruji. Mtu anasimama mkutanoni anasema, "Kwa wastani kila kaya imepata magunia 10. Basi kila kaya itoe gunia moja. Sote tuko sawa."

Kule Mlimani mchango huo unawezekana. Aliyevuna magunia 7 atabaki na 6. Aliyevuna 13 atabaki na 12. Wa chini ataumia kidogo, lakini atakula.

Bondeni je? Kaya ya kwanza ilivuna gunia moja. Ikitoa gunia moja, imebaki na ghala tupu. Kaya ya mwisho ilivuna 60. Ikitoa gunia moja, imebaki na 59. Wote wametoa gunia moja, lakini mmoja ametoa chakula chake chote, na mwenziwe ametoa sehemu moja tu kati ya sitini.

Sasa tufanye kwa njia nyingine. Kila kaya itoe sehemu moja ya kumi ya mavuno yake. Mwenye gunia 1 atatoa sehemu ya kumi ya gunia, atabaki na sehemu tisa. Mwenye magunia 60 atatoa 6, atabaki na 54. Jumla ni ngapi? Magunia 10 yale yale! Nyumba ya mwalimu itajengwa, na hakuna ghala lililobaki tupu.

Mnaona? Ukijua wastani tu, utaamua vibaya. Ukijua mgawanyo, utaamua vizuri. Na kama kosa hilo linaweza kutokea katika kijiji chenye kaya 10, linaweza kutokea pia katika nchi yenye mamilioni ya watu.

KIPIMO CHA KWANZA: KAYA YA KATIKATI

Kipimo rahisi ni kuzipanga kaya zote kwenye mstari, kuanzia ya chini mpaka ya juu, halafu kuitazama ile iliyo katikati. Kaya zikiwa 10, katikati ni kati ya ya tano na ya sita.

Mlimani kaya ya tano ina magunia 10 na ya sita ina 10. Kwa hiyo katikati ni 10, sawa na wastani. Bondeni kaya ya tano ina 3 na ya sita ina 4. Kwa hiyo katikati ni magunia matatu na nusu.

Hii ndiyo dalili. Wastani ukiwa juu sana kuliko katikati, ujue kuna wachache wenye kingi ambao wanauvuta wastani kwenda juu.

KIPIMO CHA PILI: MAFUNGU

Kipimo kingine ni kuuliza: watu wa chini wamepata fungu gani, na watu wa juu wamepata fungu gani?

Tuchukue kaya nne za chini. Mlimani zina magunia 7, 8, 9 na 9. Jumla ni 33. Kaya moja ya juu ina 13. Bondeni kaya nne za chini zina 1, 2, 2 na 3. Jumla ni 8. Kaya moja ya juu ina 60. Yaani kaya moja ya juu kule Bondeni ina mahindi mara saba na nusu ya kaya nne za chini zikiwekwa pamoja.

Wataalamu hufanya hesabu hiyo hiyo kwa nchi nzima. Hutazama fungu la watu 10 wa juu katika kila 100, na kulilinganisha na fungu la watu 40 wa chini. Kipimo hiki huitwa kwa jina la Palma, mtaalamu wa uchumi kutoka Chile.

Njia nyingine ni kulinganisha mshahara mkubwa kabisa na mshahara mdogo kabisa. Njia hii iliwahi kutumika hapa kwetu Tanzania. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere aliandika taarifa ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Alieleza kwamba mwaka 1961 mshahara wa juu katika kazi za umma, baada ya kodi, ulikuwa mara 50 hivi ya mshahara wa chini. Kufika mwaka 1976 ulikuwa mara 9 hivi. Tofauti ile ilikuwa imepungua sana. Lakini kipimo hicho kiliwahusu watu wa mishahara tu. Mkulima hana mshahara, kwa hiyo humo hamwoni. Kila kipimo kina pale kinapoona na pale kisipoona.

KIPIMO CHA TATU: KAMBA ILIYOLEGEA

Sasa tufike kwenye kipimo kinachotajwa zaidi duniani. Mwaka 1905 Mmarekani mmoja, Max Lorenz, alibuni mchoro wa kuonyesha mgawanyo wa mapato. Mwaka 1912 Mwitaliano, Corrado Gini, alitoa namna ya kuupima kwa namba moja. Jina hilo hutamkwa "Jini", lakini msiogope. Halina uhusiano wowote na majini.

Tuuchore mchoro huo chini, kwenye udongo. Chora mraba. Upande wa chini wa mraba ugawe hatua 10 kuanzia kushoto. Hizo ni kaya, maskini wakitangulia. Upande wa kulia ugawe kuanzia chini kwenda juu, kutoka 0 mpaka 100. Hayo ni magunia.

Anza pembe ya chini kushoto. Kama kaya zote zingekuwa sawa, kaya 1 ingekuwa na magunia 10, kaya 2 zingekuwa na 20, kaya 5 zingekuwa na 50, na kaya 10 zingekuwa na 100. Ukiziunganisha nukta hizo unapata mstari ulionyooka kutoka pembe ya chini kushoto mpaka pembe ya juu kulia. Mstari huo ni kama kamba iliyokazwa. Ndio mstari wa usawa.

Sasa Mlimani. Kaya 5 za chini zina magunia 43 kwa jumla, badala ya 50. Kaya 9 zina 87, badala ya 90. Kamba imelegea kidogo tu.

Bondeni je? Kaya 5 za chini zina magunia 11, badala ya 50. Kaya 9 zina 40, badala ya 90. Halafu kaya ya kumi inaruka kutoka 40 mpaka 100. Kamba imelegea mpaka inakaribia kugusa chini, halafu mwishoni inapanda ghafla kama ukuta.

Gini alisema hivi: tupime ile nafasi iliyo kati ya kamba iliyokazwa na kamba iliyolegea. Halafu tuilinganishe na nafasi yote iliyo chini ya kamba iliyokazwa. Kama hakuna kulegea, jibu ni 0. Hapo watu wote wana mapato sawa. Kama mtu mmoja amechukua vyote na wengine hawana kitu, jibu linafika 1. Watu wengi huzidisha kwa 100, kwa hiyo kipimo kinakwenda kutoka 0 mpaka 100.

Sisi tumevipigia vijiji vyetu hesabu hiyo. Mlimani inapata 10 hivi. Bondeni inapata 64 hivi.

NCHI ZENYEWE ZIKOJE?

Bondeni tumeibuni, lakini msidhani nchi ya namna hiyo haipo. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, Afrika Kusini ilipata 63 mwaka 2014, namba ya juu kuliko karibu nchi zote zilizopimwa. Sababu zake ni za muda mrefu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika, ambao walikuwa wengi kabisa, sehemu ndogo tu ya nchi. Baadaye ubaguzi wa rangi uliwafungia shule nzuri na kazi nzuri. Utawala huo uliondoka mwaka 1994. Lakini sheria ikifutwa leo, mashamba, elimu na fedha havigawanyiki kesho yake.

Upande mwingine ziko nchi kama Norwe na Denmark, ambazo hupata chini ya 30. Huko watu wa kipato kikubwa hulipa kodi kubwa, na fedha hizo hurudi kwa wananchi wote kwa njia ya shule, hospitali na pensheni.

Tanzania iko katikati. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, ilipata karibu 38 mwaka 2011 na karibu 40 mwaka 2018. Kamba yetu ililegea kidogo zaidi.

Hapa tuwe waangalifu. Umaskini na tofauti ya mapato si kitu kimoja. Serikali ilipima pia umaskini wa Tanzania Bara katika miaka hiyo. Mwaka 2011/12 watu 28 hivi katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Mwaka 2017/18 walikuwa 26 hivi. Kumbe maskini walipungua kidogo, na wakati huo huo tofauti iliongezeka kidogo. Inawezekana vipi? Inawezekana, kwa sababu wa chini walipanda hatua moja, na wa juu wakapanda hatua mbili.

Tena vijijini walikuwa maskini 31 hivi katika kila 100, na mijini 16 hivi. Kwa hiyo tofauti nyingine iko kati ya shamba na mji.

NAMBA HIZI ZINATOKA WAPI?

Namba hizi zinatoka kwetu sisi. Kila baada ya miaka kadhaa Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Hawawezi kufika kila nyumba. Kwa hiyo huchagua kaya chache kwa bahati nasibu, katika mikoa yote. Mpishi akitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi hanywi sufuria nzima. Anaukoroga vizuri, halafu anaonja kijiko kimoja. Utafiti nao ni hivyo. Kukoroga ndiko kuchagua kwa bahati nasibu.

Mdadisi akifika huuliza watu wa kaya wako wangapi, wamekula nini, wamenunua nini, wamelipa nini shuleni na hospitali. Wengi wanashangaa kwa nini anauliza sana habari za matumizi kuliko mapato. Sababu ni kwamba mkulima hupata fedha msimu wa mavuno, na miezi mingine hana. Ukimwuliza mapato ya mwezi wa Februari atakuambia sina. Lakini kila siku anakula. Kwa hiyo matumizi yanaonyesha hali yake vizuri zaidi.

Chakula cha shambani kwako nacho huhesabiwa. Mahindi, ndizi, maziwa na kuku uliyemchinja mwenyewe hupigiwa bei, ingawa hukuvinunua. Usipovitaja, utaonekana maskini kuliko ulivyo. Ukiongeza ili uonekane tajiri mbele ya mdadisi, utaonekana huna haja ya zahanati wala kisima. Njia zote mbili zinaharibu hesabu. Kisheria majibu ya kaya ni siri, wala mtu hatozwi kodi kwa ajili ya majibu hayo. Basi tuseme kweli.

MAMBO AMBAYO KIPIMO HAKIYAONI

Kwanza, hakioni shibe. Kama kaya zote 10 zingevuna gunia moja moja, kipimo kingekuwa 0. Usawa ungekuwa kamili, na njaa pia ingekuwa kamili. Kwa hiyo lazima tuulize maswali mawili: chungu kina ukubwa gani, na kimepakuliwa namna gani?

Pili, hakioni ndani ya nyumba. Wataalamu huchukulia kwamba waliomo katika kaya wanagawana sawa, au kwa kadiri ya umri wao. Lakini sote tunajua kaya ambayo mama analima pamba, na baba anakwenda kuiuza peke yake. Fedha zinaandikwa kwamba zimeingia katika kaya. Mama hakuziona. Tofauti hiyo haimo katika namba ya taifa.

Tatu, hakioni mali. Mapato ni kile kinachoingia. Mali ni kile ulicho nacho: ardhi, ng'ombe, nyumba, akiba. Watu wawili wanaweza kupata mapato sawa mwaka huu. Mmoja ana ekari 50 na mwingine amekodi shamba. Mvua ikikosekana ndipo tofauti yao itaonekana.

Nne, matajiri wakubwa huponyoka. Ni wachache, kwa hiyo bahati nasibu huwakosa. Na wakipatwa, wengi hawasemi yote. Ndiyo sababu wataalamu wengine, kama Thomas Piketty wa Ufaransa, hutafuta daftari za kodi ili kuona mapato ya watu wa juu. Mara nyingi wanakuta tofauti ni kubwa kuliko ilivyofikiriwa.

Tano, kipimo hakimshtaki mtu. Kinasema Bondeni mmoja amevuna 60 na mwingine 1. Hakisemi kwa nini. Pengine wa kwanza ana trekta. Pengine ana bidii zaidi. Pengine alipewa ardhi yenye rutuba, na mwenzake aliuguliwa mwaka mzima. Pengine kuna dhuluma. Sababu tunaitafuta sisi wenyewe, kwa kuulizana na kuchunguza.

TUFANYE NINI NA ELIMU HII?

Ndugu wasomaji, kusoma ni pamoja na kuzisoma namba. Siku nyingine mtu akituambia "kwa wastani", tusipige makofi upesi. Tumwulize kwa adabu: "Ndugu, katikati ni kiasi gani? Nusu ya chini wamepata fungu gani? Umehesabu akina nani, na umewaacha akina nani?"

Tukiwa katika mkutano wa kijiji au chama cha ushirika, kabla ya kupanga mchango tuandike kaya kwenye mstari kama tulivyofanya leo. Si lazima kuyataja majina ya watu hadharani. Namba zinatosha. Zitatuonyesha kama kijiji chetu kinafanana na Mlimani au Bondeni. Kikifanana na Mlimani, mchango wa sawa kwa sawa hautamuumiza mtu sana. Kikifanana na Bondeni, sawa kwa sawa si haki, ni jina tu la haki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kaya tano zilivuna magunia 2, 3, 4, 6 na 25. Wastani ni ngapi? Kaya ya katikati ina magunia mangapi? Kaya ngapi zimefika wastani?

2. Chora mraba na kamba ya kaya hizo tano. Kamba imelegea wapi zaidi?

3. Katika kijiji chetu, michango hupangwa namna gani? Nani anaumia zaidi?

4. Fedha za mazao zikiingia nyumbani, nani anaamua matumizi yake? Akina mama waanze kujibu swali hili.